Bata wakianza kufa ghafla, anza na mzoga kabla ya dawa

Bata wangu wa kwanza kufa alikuwa mnene, manyoya yanang'aa, na jana yake alikuwa ametaga. Kesho yake wakafa watatu. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, nikapewa antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji. Vifo vikatulia. Dawa ilipokwisha, vikarudi. Nikanunua nyingine, haikusaidia kitu, na mayai yakazidi kupungua.

Daktari wa mifugo ndiye aliyenifungua macho. Alimpasua mmoja mbele yangu: ini limevimba, limejaa vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi, moyo una matone ya damu, na yai lenye gamba bado limo ndani. Maabara ikathibitisha kipindupindu cha ndege, ugonjwa wa bakteria aitwaye Pasteurella multocida, na ikapima dawa zinazomwua. Ile ya pili niliyonunua haikumfanya lolote.

Jambo lililoniuma zaidi ni hili: bata anayepona anaweza kuendelea kubeba vijidudu puani na kooni huku akionekana mzima kabisa. Kwa hiyo sikuingiza bata wapya kwenye kundi lile. Nilisubiri hadi nilipowaondoa wote, nikatoa matandazo, nikaosha banda, nikapulizia dawa na kuliacha likauke vizuri. Panya nao hueneza ugonjwa huu, na mimi nilikuwa nimewaachia stoo ya chakula wazi. Mizoga sasa naichoma au naifukia kwa kina siku hiyohiyo.

Halafu kuna maji. Bata lazima apate maji ya kuzamisha kichwa chote, asafishe macho na pua, na akifanya hivyo humwaga. Matandazo yakilowa, E. coli, bakteria wa kinyesi, hustawi, hupanda kwenye mrija wa mayai, na kiini huozea tumboni. Ukimpasua bata wa namna hiyo, harufu haivumiliki. Nimehamishia vyombo vya maji juu ya wavu wenye mfereji chini yake. Kati ya yote niliyobadilisha, hili naliona limenisaidia kuliko chupa yoyote ya dawa. Viota navyo nabadilisha maranda mara tu yanapochafuka.

Ukilazimika kutibu, maliza dozi, na mayai ya siku za dawa usiyauze wala usiwape watoto wako. Soma kwenye lebo siku za kusubiri, yaani siku baada ya dozi kuisha ambazo mayai bado hayafai kuliwa. Kama dawa haikuruhusiwa kwa ndege wanaotaga, irudishe dukani.