Sindano na Uzi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vifaa na Masomo ya Kudarizi

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi, na karibu zote zinahusu jambo moja: vifaa vipya ambavyo wasomaji wameviona madukani au kwenye simu zao, na iwapo vinastahili fedha zinazodaiwa. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Mwalimu, shikamoo. Ninadarizi foronya na vitambaa vya makochi vya kuuza. Katika Mtaa wa Biashara nilionyeshwa nyuzi za aina mbili. Za kwanza zina nambari kwenye karatasi yake na huuzwa kifungu kimoja kimoja. Za pili zimefungwa pamoja rangi mia moja, na bei ya rangi zote hizo ni kama ya vifungu vichache tu vya aina ya kwanza. Je, tofauti ipo kweli, ama nitakuwa nalipia jina? — Msomaji wa Buruburu

Marahaba. Tofauti ipo, lakini hutaiona ukiwa umesimama dukani, kwa kuwa uzi wowote mpya hung'aa.

Uzi wa nambari uliouona huenda ni wa DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanzia mji wa Mulhouse mwaka 1746, au wa Anchor, mshindani wake wa miaka mingi. Kifungu kimoja huwa na mita 8 za uzi wa pamba uliosokotwa kwa nyuzi sita nyembamba, nawe huzitenganisha na kutumia mbili au tatu kulingana na unene unaoutaka. DMC ina rangi zipatazo 500, na kila rangi ina nambari isiyobadilika: 310 ni nyeusi, 321 ni nyekundu. Kwa mtu anayedarizi kujifurahisha, jambo hilo laweza kuonekana dogo. Kwako wewe unayeuza, ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu mteja aliyenunua foronya mbili mwaka jana akirudi kutaka nyingine mbili za kufanana nazo, utahitaji wekundu uleule na si ndugu yake. Ukumbuke tu kwamba nambari za kampuni moja si za nyingine. Nyeusi ya Anchor ni 403. Pakiti nyingine za bei nafuu huchapishwa nambari za DMC ilhali rangi zake hazilingani nazo, kwa hiyo usiiamini karatasi peke yake.

Fanya majaribio mawili kabla ya kununua nyingi. Kwanza, choma ncha ya uzi: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, na poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu. Poliesta si dhambi, lakini huteleza sindanoni, na pasi ya moto mkali inaweza kuiharibu. Pili, na hili ndilo la lazima, lowesha kipande cha uzi katika maji ya moto, kibane ndani ya kitambaa cheupe, kisha ukiache kikauke. Anza na nyekundu, buluu iliyokoza na nyeusi, kwa kuwa hizo ndizo huchuja zaidi. Uzi ukiacha alama, usiutie kwenye foronya hata kama umepewa bure.

Mimi mwenyewe ninazo zile pakiti za rangi mia moja. Wanafunzi wangu hujifunzia, nami huzitumia kwa picha za kutundika ukutani ambazo hazitaona beseni la maji. Kwa kitu kitakachofuliwa kila wiki, ni afadhali ununue rangi sita nzuri kuliko mia za kubahatisha.

Mwalimu, mimi ni kijana wa kiume, nafanya kazi ofisini na ninaishi Ruaka. Natamani kujifunza kudarizi, lakini kila darasa ninalouliza wananijibu kama kwamba nimepotea njia. Tena nimeona video za watu wanaodarizi kwa kijiti chenye ndoano badala ya sindano. Nianzie wapi? — Msomaji wa Ruaka

Hujapotea njia, mwanangu. Nenda Lamu uone wanaume wakishona kofia kwa mkono, vitundu vidogo mamia kwa mamia, kila kimoja kikizungushiwa uzi wake, kazi inayochukua wiki nyingi kwa kofia moja. Mwalimu anayedhani sindano ina jinsia hatakufaa hata kwa mengine.

Kuhusu mahali pa kusomea, jiulize kwanza unatafuta nini. Ikiwa unataka cheti cha kuombea kazi, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, yaani NITA, huendesha mitihani ya ufundi ukiwemo ushonaji wa nguo, kuanzia Gredi ya Tatu hadi Gredi ya Kwanza. Fahamu, hata hivyo, kwamba kozi za ushonaji hutilia mkazo kukata nguo na kutumia cherehani, na kudarizi kwa mkono hupewa nafasi ndogo. Ikiwa unataka sanaa yenyewe, darasa dogo la Jumamosi litakufaa zaidi, na kabla hujalipa omba kuonyeshwa kazi ya mwalimu, upande wa nyuma. Upande wa mbele kila mtu huupamba. Nyuma ndiko utakakoona kama ncha zimefichwa chini ya mishono au zimefungwa mafundo, na kama uzi umerukishwa masafa marefu na kukivuta kitambaa. Uliza pia kama ada inajumuisha vifaa, kwa maana nimeona madarasa ambayo mwanafunzi huuziwa sanduku la vitu ishirini siku ya kwanza na kuvitumia vitatu tu hadi mwisho. Siku hiyo huhitaji zaidi ya kitambaa, fremu moja, pakiti ya sindano, mkasi mdogo wenye ncha kali na rangi tano za uzi.

Usidharau pia masomo ya intaneti. Chuo cha Royal School of Needlework cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1872, kilifungua mwaka 2021 hazina ya mishono kwenye tovuti yake, iitwayo Stitch Bank. Humo kila mshono huelezwa kwa michoro na video, na huhitaji kulipa chochote. Maelezo ni ya Kiingereza, lakini mikono haina lugha. Ukijiandikisha kwa darasa la moja kwa moja kutoka London, angalia saa: somo lao la saa moja jioni ni saa tatu usiku Nairobi wakati wao wa kiangazi, na saa nne usiku wakati wao wa baridi. Wao hubadilisha saa mwezi wa Machi na Oktoba, sisi hatubadilishi.

Sasa ile ndoano. Wahindi huiita aari, na Wafaransa wana ya namna hiyo inayohusishwa na mji wa Lunéville. Huchoma kitambaa kutoka juu, hunasa uzi ulioshikwa chini kwa mkono mwingine, kisha huuvuta juu uwe kitanzi, na kitanzi kikifuatwa na kitanzi unapata mnyororo. Ni ya haraka mno kwa mwenye kuijua, na shanga nazo zinaweza kushonwa kwayo, mradi zimetungwa kwenye uzi kabla. Hapa tuna bahati, kwa kuwa kazi ya shanga ya Wamaasai imefanya ushanga mdogo wa kioo, ukiwemo ule utokao Jamhuri ya Cheki, uwe rahisi kupatikana mjini. Nambari ikiwa kubwa, ushanga ni mdogo. Lakini ndoano inahitaji fremu inayosimama yenyewe ili mikono yote miwili iwe huru, na kitambaa kilichowambwa kama ngoma. Jifunze kwanza mshono wa mnyororo kwa sindano ya kawaida, pamoja na ule wa kurudi nyuma na ule wa kujaza umbo. Ndoano utaikuta palepale baada ya miezi mitatu.

Kuna kalamu mpya za kuchorea kitambaa ambazo alama zake hufutika. Zipo za maji na zipo za pasi. Ipi bora? — Msomaji wa South B

Ya maji, kwa kazi nyingi. Alama yake ya buluu huondoka kwa maji baridi, ila ina sharti moja ambalo nililijifunza kwa hasara: usipige pasi kabla ya kuiosha, kwa sababu joto huikaza rangi ndani ya kitambaa. Nilikuwa nimedarizi kitambaa cha meza kwa majuma matano, nikakinyoosha kwa pasi ili nikipige picha kwanza. Mistari ile ingalipo, ya rangi ya chai.

Ya pasi hupotea kwa joto la takriban nyuzijoto 60, lakini haiondoki, hufichika tu. Baridi ikishuka kati ya nyuzijoto 10 na 20 chini ya sifuri, wino unaweza kurudi. Nairobi haina baridi ya namna hiyo hata Julai, lakini zawadi unayompelekea shangazi aliye Kanada itaikuta. Jaribu kipande kwa kukiacha usiku mmoja ndani ya friza.

Kaboni ya ofisi, ile tuliyoitumia shuleni, iache. Hupaka uchafu usiotoka. Kwa kitambaa cheusi, tafuta karatasi inayoyeyuka majini: mchoro huchapishwa juu yake, hubandikwa kwenye kitambaa, unadarizi ukiipitisha sindano ndani yake, kisha unaiosha ikaisha. Katika vifaa vyote vipya vya miaka hii, hiyo ndiyo ningeinunua tena bila kufikiri.

Natengeneza picha kwa mshono wa msalaba lakini kitambaa cha aida, kile chenye miraba ya kuhesabu, ni ghali na si kila duka linacho. Naweza kutumia marekani? Na nitajuaje ukubwa wa kununua? — Msomaji wa Kayole

Marekani, kitambaa ambacho wazee wa Pwani walikipa jina hilo kwa sababu kililetwa na meli za wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, ni kizuri mno kwa kudarizi kwa mkono huru. Kifue kwanza kwa maji ya moto kwa kuwa hurudi. Kwa mshono wa msalaba kina kasoro: nyuzi zake za mtande na za mshindio ni nyembamba na zimesongamana, hivyo hutaweza kuzihesabu. Dawa yake ni wavu maalumu unaoshikizwa juu ya kitambaa; unadarizi ukifuata matundu yake, ukimaliza unaulowesha na kuchomoa nyuzi zake moja moja. Siku hizi upo pia unaoyeyuka katika maji ya uvuguvugu. Wavu wenyewe una bei yake, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuamua kwamba umeokoa fedha.

Ukubwa ni hesabu rahisi. Aida nambari 14 ina miraba 14 kwa kila inchi. Picha ya misalaba 140 kwa upana itakuwa inchi 10, takriban sentimita 25; ongeza inchi 3 kila upande za kushikia na kufremu. Picha hiyohiyo kwenye nambari 18 haitafika inchi 8, na macho yako yatalipa tofauti hiyo.

Kitambaa huniteleza kwenye fremu ya mbao kila baada ya dakika chache. — Msomaji wa Ngara

Zungushia ile bangili ya ndani utepe wa pamba, au ukanda uliochanika wa leso kuukuu, kisha ushone ncha yake. Usinunue fremu nyingine.

Nina miaka 67 na kutunga uzi kumekuwa vita. Mjukuu wangu anasema ninunue taa yenye kioo cha kukuzia. — Msomaji wa Pangani

Shikamoo, Mama. Anza na sindano kabla ya taa. Sindano za kudarizi huhesabiwa kinyume, yaani nambari ikipanda sindano hupungua unene, na wengi hudarizi kwa nambari 9 au 10 bila sababu. Kwa nyuzi tatu, nambari 5 ina tundu refu la kutosha. Kata uzi kwa mkasi mkali, usiulambe, kisha uubane kati ya vidole na kuleta tundu juu yake badala ya kuupeleka uzi kwenye tundu. Bado ukishindwa, kile kitungia uzi chenye waya mwembamba ni cha bei ndogo sana, nawe ununue vitatu kwa sababu huvunjika.

Taa nayo ni nzuri, lakini mwambie mjukuu atafute ya kuchajiwa, maana umeme wa jioni unaujua. Aikague mwanga wake akiwa na uzi wa buluu na wa zambarau mkononi: mwanga wa manjano huzifanya rangi hizo mbili zifanane, na asubuhi utajikuta umedarizi ua la rangi mbili.