Ukienda Kerala, kaa mahali pachache

Mara ya kwanza nilipokwenda Kerala, jimbo la kusini mwa India, nilinunua safari iliyopangwa na wakala: sehemu saba kwa siku sita. Jimbo lote nililiona kupitia kioo cha gari. Munnar, mji wa milimani, tulifika jioni, ukungu umeshashuka, tukalala, na alfajiri tukaondoka. Niliporudi Mombasa mama akaniuliza watu wa huko wanakula nini. Sikuwa na jibu, maana siku zote tulikula hotelini. Mara ya pili nilikaa wiki mbili na ushei katika sehemu chache tu, na safari hiyo ndiyo ninayokuombea nawe uipate.

Ramani ya Kerala inadanganya. Ni ukanda mwembamba kati ya bahari na safu ya milima ya Western Ghats, kwa hiyo mtu hudhani kila kitu kiko karibu. Kochi hadi Munnar ni kama kilomita 130, lakini ni saa nne za kona na foleni, na mara nyingine zaidi. Kila unapohama, umepoteza nusu ya siku.

Nenda wakati wa kaskazi. Upepo wetu wa kusi, unaochafua bahari huku kwetu kuanzia katikati ya mwaka, ndio huo unaovuka na kuigonga ile milima. Mvua za Kerala huanza karibu na tarehe 1 Juni, na si mvua za kuchezea. Mafuriko ya Agosti 2018 na maporomoko ya ardhi ya Wayanad Julai 2024 yaliua mamia ya watu. Desemba na Januari ndiyo miezi yangu. Ukichelewa hadi Februari, huenda ukakuta mbuga ya Eravikulam, pale juu ya Munnar, imefungwa ili mbuzi-mwitu wa milimani, Nilgiri tahr, wazae kwa utulivu. Viza huombwa kwa mtandao. Hakikisha ni tovuti ya serikali ya India yenyewe. Sisi wa Kenya lazima tubebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ukiikosa wanaweza kukuweka karantini.

Alappuzha, mji wa mifereji na maziwa, kila mtu atakusukuma ukodi boti-nyumba ulale majini. Mimi nililala, na sitarudia. Jioni boti hizo hutia nanga, kwa sababu usiku maji ni ya wavuvi na nyavu zao, kwa hiyo unalipa pesa nyingi kulala umeegeshwa na mbu. Siku ya pili nilipanda boti ya abiria ya serikali kuelekea Kottayam. Nauli yake ni ndogo mno, na safari ni kama saa mbili na nusu. Nilikaa katikati ya watoto wa shule na akina mama waliotoka sokoni. Huko Kuttanad, boti inakopita, mashamba ya mpunga yako chini ya usawa wa bahari, yamezungushiwa matuta, hivyo ukiwa ndani ya boti unayatazama kwa kuinamia, bata wamejaa. Boti-nyumba zenyewe zimetokana na kettuvallam, mashua za kubebea mpunga zilizoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mtu wa pwani akisikia hivyo lazima aukumbuke mtepe wa Lamu. Niliigusa mishono ile kwa muda mrefu.

Munnar kaa usiku tatu, ili ukungu ukikunyima siku moja ubaki na nyingine. Maua ya neelakurinji huchanua kwa wingi mara moja kila miaka 12. Yalichanua 2018, yanatarajiwa tena 2030. Periyar, hifadhi ya wanyama, achana na boti kubwa ya watalii, tembea msituni na waongozaji. Baadhi yao zamani walikuwa majangili, na ndio wanaoujua msitu. Vaa soksi za kuzuia ruba.

Lakini kama una siku chache, punguza milima uende kaskazini, Kannur. Watalii wengi hawafiki huko, na ndiko nilikoona kitu ambacho sijakiona kwingine. Theyyam, ngoma ya ibada, huchezwa kwenye maeneo matakatifu ya vijijini, msimu wake ukiwa takriban Novemba hadi Mei, mara nyingi usiku wa manane mpaka kuche. Mchezaji hupakwa rangi kwa saa nyingi, huvikwa taji kubwa, kisha hupewa kioo kidogo. Akijitazama humo, kwa imani ya wenyeji si mtu tena, ni mungu. Mienge ya makuti inawaka, ngoma zinapanda, na wazee wanamwendea mmoja mmoja kumweleza shida zao. Wachezaji hutoka katika matabaka yaliyodharauliwa tangu zamani, na usiku ule watu wa tabaka la juu humwinamia mchezaji. Nilisimama nyuma, viatu mkononi, simu mfukoni. Fanya hivyo hivyo: omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikataliwa usinung'unike. Tarehe muulize mwenye nyumba uliyofikia. Usipobahatisha, kwenye hekalu la Parassinikadavu, karibu na Kannur, theyyam ya Muthappan, mungu wa wenyeji, huchezwa karibu kila siku. Mahekalu mengine, kama Guruvayur, hayaruhusu asiye Mhindu, liheshimu hilo.

Fikia kwenye nyumba za wenyeji. Mwanamume aliyekuzidi umri mwite *chetta*, mwanamke *chechi*, kama sisi tunavyosema kaka na dada, milango hufunguka. Wanaume huvaa mundu, kitambaa cheupe kifungwacho kiunoni, kwa hiyo beba kikoi chako bila haya. Asubuhi utaletewa appam, ndugu yake kibibi chetu, na samaki wa tui aliyekolezwa kudampuli, ganda jeusi lililokaushwa linalofanya kazi ya ukwaju.

Malizia Kozhikode, Kalikuti ya wazee wetu. Huko Kuttichira kuna msikiti wa Mishkal, wa mbao, uliojengwa na mwenye vyombo vya baharini. Wareno waliuchoma 1510, miaka mitano tu baada ya kuichoma Mombasa. Kisha shuka Beypore, mafundi wanakounda majahazi makubwa ya mbao wanayoyaita uru, mengi yakienda Ghuba. Omba kuingia, ukae pembeni, usikilize nyundo.

Kudampuli nunua sokoni hapo Kozhikode, iliyo laini bado, si iliyokauka kama kuni. Nilileta nyumbani robo kilo. Mama aliinusa kwanza, akaitia kwenye mchuzi wa nguru, na siku hiyo nilikuwa na mengi ya kumjibu.