Usisubiri ukauke ndipo uende mkutano wa AA

Wiki nzima ujifungie ndani bila tone la pombe, ndipo uende AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe? Nani kakupa ushauri huo?

Umeuliza mikutano ya jioni iliyo karibu na Changamwe, hapa Mombasa, na kama mkeo anaruhusiwa kuingia. Sawa. Lakini mimi nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho: "Naacha kesho, nikishakaa msafi wiki hivi ndipo nijitokeze, sitaki kwenda nanuka." Na huko juu umeandika mwenyewe kwamba ukiamka mikono inatetemeka mpaka utoe loki, yaani unywe ile ya asubuhi ya kuituliza. Ndugu yangu, hebu yasome hayo mawili kwa pamoja.

Mpango huo mimi niliufuata. Tena niliuziwa. Kulikuwa na bwana mmoja huku Kisiwani aliyejiita mshauri, ana kadi zenye picha yake kafunga tai. Nikamwendea anielekeze kikundi. Akachukua elfu mbili ya "usajili", akavuta pua, akasema: "Huko hawapokei walevi. Nenda kakae mkavu siku tatu nne, kisha uje nikupeleke." Kikundi cha walevi hakipokei walevi! Ningekuwa na akili zangu ningecheka palepale, ila nilikuwa na aibu, na mwenye aibu huambiwa lolote akaitikia.

Basi nikajifungia chumbani Mikindani na dumu la maji na machungwa. Siku ya kwanza jasho, moyo unadunda, kikombe cha chai hakifiki mdomoni bila kumwagika. Nikajipongeza, eti sumu inatoka. Usiku wa pili dada yangu akasikia sufuria zinaanguka, akanikuta sakafuni natupa miguu, povu mdomoni na damu, maana ulimi nilikuwa nimeuuma. Majirani wakajaa mlangoni wanabishana: huyu ataka maji ya kombe, yule asema kifafa cha ukoo. Aliyetumia akili ni kijana wa tuktuk. Nilipozinduka wodini nilikuwa nazungumza na paka aliyekaa juu ya dripu. Paka hakuwepo. Nimeambiwa nilimwamkia shikamoo, kwa hiyo angalau adabu haikupotea. Kazi ndiyo iliyopotea, kwa sababu tajiri alisikia habari ya paka kabla mimi sijatoka hospitali. Na ulimi una kovu upande wa kushoto. Nikila mihogo ya pilipili pale Lighthouse lazima nitafunie kulia.

Daktari ndiye aliyenieleza, bure, bila tai. Pombe ya kila siku ni breki, na ubongo huzoea kukanyaga mafuta zaidi ili gari liende hivyohivyo. Ukiiachia breki ghafla, mguu bado uko kwenye mafuta. Kutetemeka huanza kama masaa 6 hadi 12 tangu glasi ya mwisho, degedege mara nyingi huja ndani ya masaa 48 ya mwanzo, na kuchanganyikiwa na kuona paka wa watu huja siku ya pili hadi ya nne. Wapo wanaokufa. Hospitali wanakupa dawa kama diazepam, wanaipunguza kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, na wanakuangalia. Sisemi uendelee kunywa. Nasema mtu anayetetemeka asubuhi hakati ghafla peke yake chumbani. Anaanzia hospitali.

Na hiyo harufu unayoiogopa: sharti la kuingia AA ni moja tu, kutaka kuacha pombe. Hawakwambii uwe umeshaacha. Hakuna usajili wala ada. Kikapu cha mchango hupitishwa na mgeni hadaiwi kitu. Majina ni ya kwanza tu. Mkutano wangu wa kwanza nilikaa karibu na mzee aliyenuka mnazi hata nzi walimfuata. Walimwomba asikilize tu siku hiyo, wakamwekea chai. Hakuna aliyemfukuza.

Mmoja wa waanzilishi wenyewe wa AA hakuanza mkavu. Dokta Bob Smith wa Akron, Marekani, alikuwa daktari wa upasuaji. Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1935 mwenzake Bill Wilson alimpa bia ili mikono itulie akafanye operesheni. Ikawa ya mwisho, na AA wanaihesabu siku hiyo kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwao. (Wewe usiende kupasua mtu.)

Kwa hiyo leo, si kesho, nenda hospitali na umwambie daktari bila kupunguza: nakunywa kitu fulani, kiasi fulani, mara ya mwisho saa fulani. Usimwambie "kidogo kidogo tu", sote tulisema hivyo. Namba ya NACADA, shirika la serikali ya Kenya la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haikatwi hela. Waulize mahali pa matibabu na mikutano ya upande wenu. Kuna pia programu ya simu ya AA iitwayo Meeting Guide, lakini uliza kwanza kama mkutano bado upo siku hiyo, kumbi hizi huhama. Ukiupata, nenda. Unanuka, nenda. Umeteleza jana, nenda. Mtu akikwambia ukauke kwanza, mkatie simu.

Hujasema unakunywa nini na kiasi gani kwa siku, wala kama umewahi kuanguka ukikosa pombe. Jibu hilo hapa sasa hivi, kabla hujafunga huo mlango.