Fuata deni, fuata malalamiko: nilivyojifunza kulisoma jumba la kina Delamere

Sisi tuliokulia Njoro tulilijua jina Delamere kabla ya kujua kusoma. Ukipanda matatu kwenda Nairobi, dereva anasimama Delamere pale Naivasha, watu wanashuka kunyoosha miguu, mama anakununulia yogati, mnaendelea. Kwangu lilikuwa jina la mahali pa kwenda msalani. Ilibidi nihamie Manchester, tena nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, ndipo nikapanda treni ya Chester na kusikia kituo kikitangazwa: Delamere. Nikachungulia dirishani. Miti mitupu. Kumbe Delamere ni msitu wa Cheshire, na ukoo wa yule lodi mlowezi wa kwetu Kenya ulichukua jina lake mwaka 1821, babu yao alipopewa ulodi. Jina lao lenyewe ni Cholmondeley, ambalo kwa maajabu ya Waingereza hutamkwa Chamli.

Nikataka kuliona jumba lao. Linaitwa Vale Royal, liko karibu na kijiji cha Whitegate, kati ya Winsford na Northwich. Jumapili moja nikawavalisha watoto, nikalipa teksi kutoka stesheni ya Winsford, na nilipofika nikakuta klabu ya gofu na makazi ya watu. Hakuna tiketi, hakuna wa kututembeza. Mimi nilidhani kila jumba la kikabaila Uingereza ni makumbusho yenye chai na keki. Kwa hiyo la kwanza, ndugu msomaji: kabla hujafunga safari, jua nani anamiliki leo. Orodha ya majengo yanayolindwa, ile ya Historic England, iko wazi mtandaoni bila malipo na inakueleza jengo ni la kale kiasi gani. Lakini kulindwa na kufunguliwa ni vitu viwili. Kama huna haraka, subiri Septemba: kuna siku za Heritage Open Days ambapo hata baadhi ya nyumba za watu binafsi hufungua milango bure.

Safari ile haikuharibika yote. Tulitembea njia ya Whitegate Way, reli ya zamani iliyokuwa ikibeba chumvi ya Winsford, watoto wakacheza matopeni, mimi nikarudi nyumbani na hasira ya kutaka kujua. Miezi iliyofuata nilisoma kila nilichopata kuhusu jumba lile, na nilianza vibaya kama wanavyoanza wengi. Nilianza na majina: nani alimzaa nani, nani alirithi nini. Kurasa na kurasa za akina Thomas na akina Hugh, na sikuelewa kitu. Nyumba ilikuja kufunguka nilipoacha majina nikaanza kuuliza maswali mawili. Nani alikuwa na deni? Nani alilalamika?

Tuchukue mwanzo wake. Hadithi inasema Edward, kabla hajawa mfalme, alikumbwa na dhoruba baharini akaweka nadhiri: akifika salama atawajengea watawa abasia. Kwanza wakawekwa Darnhall, kijiji cha karibu, halafu mwaka 1277 Edward, sasa ni mfalme, akaja na malkia Eleanor kuweka mawe ya msingi Vale Royal. Lilikusudiwa kuwa kanisa kubwa kuliko yote ya watawa wa Kisistersia nchini. Kisha zikaja vita vya Wales, ngome za huko zikala fedha, na mwaka 1290 mfalme akatangaza kwamba hana habari tena na ujenzi ule. Watawa wakabaki na kanisa nusu na bajeti sufuri.

Deni hilo nani alilipa? Wakulima wa Darnhall. Abasia iliwahesabu kama watu waliofungwa na ardhi: ukimwozesha binti unalipa, ukifa mali yako inachukuliwa. Wao wakashikilia kwamba ni watu huru. Mwaka 1336 walifunga safari ya mbali kumfuata mfalme kumpelekea malalamiko, ikaishia ugomvi barabarani na mtumishi wa abati, mkuu wa abasia, kuuawa. Walishindwa. Sasa angalia jambo hili, maana ndilo lililonifundisha zaidi: habari zao tunazo kwa sababu ziliandikwa katika daftari la abasia yenyewe. Adui yao ndiye aliyewahifadhi. Ukisoma kumbukumbu za mwenye nyumba, usizipite sehemu anazowatukana watu; hapo ndipo watu walipo.

Baada ya hapo mambo yanakwenda mbio. Mwaka 1538 Henry VIII akaifunga abasia, Thomas Holcroft akalibomoa kanisa na kugeuza vyumba vya watawa kuwa nyumba yake. Kina Cholmondeley wakainunua mwanzoni mwa karne ya 17, na mfalme James akaja kuwinda kwao mwaka 1617. Karne mbili na zaidi za kuwinda na kurithishana. Nazipita bila majuto. Kuna pia kaburi la mtawa wa kike aitwaye Ida, na wenyeji watakusimulia mzimu wake. Nguzo iliyosimama hapo ukoo uliiunga katika karne ya 19 kwa mawe ya hapa na pale. Mizimu isikilize ukinywa chai, usiiandike.

Twende kwa Hugh, Lodi Delamere wa tatu, aliyezaliwa 1870 na kurithi akiwa na miaka 17. Hapa lazima ufahamu kitu kimoja cha sheria yao. Milki za makabaila zilifungwa kwa hati ya ukoo, karibu na wakfu wa familia tunaoujua pwani: anayeishi humo anafaidi mapato, si mwenye mali wa kuiuza atakavyo. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya bei nafuu kutoka Marekani iliangusha kodi walizolipa wapangaji wa mashamba Uingereza, sheria ya 1882 ikalegeza kufuli za kuuza ardhi, na 1894 ikaja kodi mpya nzito ya mirathi. Kijana wa aina hiyo ana jumba kubwa na mapato yanayopungua. Hugh akaenda kuwinda simba Somalia, akateremka hadi nyanda zetu za juu, na mwaka 1903 akahamia moja kwa moja.

Akapewa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kondoo wakafa, ng'ombe wakafa, kwa kuwa udongo ule ulikosa madini. Wamasai walikuwa wakilijua eneo hilo na kulikwepa. Akapanda ngano, ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Fedha za kujaribu tena na tena zilitoka wapi? Cheshire. Aliiweka milki ya Vale Royal rehani. Kuanzia 1907 jumba likapangishwa kwa tajiri wa viwanda, Robert Dempster. Shambani kwetu, ambako hadi leo kuna kituo cha utafiti wa ngano, palikuwa panakula paa la nyumba ya Whitegate. Niliposoma hivyo nilimpigia mama simu usiku.

Na malalamiko? Baadaye alipata Soysambu, Elmenteita, ardhi ambako Wamasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904. Mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia, wakaenda mahakamani, na kesi ya Ole Njogo ikatupwa mwaka 1913. Mwandishi wa vitabu vya kutembeza wageni hatakuwekea Darnhall na Laikipia kwenye ukurasa mmoja. Weka wewe.

Hugh alikufa 1931. Mwaka 1947 jumba liliuzwa kwa kampuni ya kemikali ya ICI, na gofu ilikuja baadaye.

Ukitaka kufanya hivi kwa jumba lililo karibu nawe, anza na mwenye nyumba wa mwisho urudi nyuma. Tafuta neno rehani na neno mpangaji. Nyumba ikipangishwa, uliza kwa nini mwenyewe ameondoka. Kwa watumishi, tumia sensa. Kuanzia 1841 utawakuta kwa majina, kuanzia 1851 pamoja na walikozaliwa, na kila sensa hufunguliwa baada ya miaka 100. Usipoteze muda kuitafuta ya 1931, iliungua 1942. Kwa mashamba, kuna ramani za zaka, yaani fungu la mazao lililolipwa kanisani, zilizochorwa baada ya sheria ya 1836. Zinaonyesha kila kipande kililimwa na nani. Katalogi ya hifadhi ya taifa iliyoko Kew unaitafuta bure ukiwa nyumbani, nayo hukuambia karatasi za ukoo zimelala mji gani. Andika ombi mapema, nenda na penseli, kalamu ya wino hawairuhusu.

Na kama ni Winsford unakokwenda na watoto, chukua viatu vya matope, na uulize teksi ya kurudi kabla ya kushuka.