Shangazi, mume wangu ameacha benki ili acheze chesi

Msomaji wetu wa Tabata, Dar es Salaam, ameandika hivi:

"Shangazi, shikamoo. Nimeolewa, nina watoto wawili. Mwaka jana mume wangu aliacha kazi benki bila kunishirikisha, eti anataka kuishi kwa chesi. Haleti kitu nyumbani. Usiku yuko kwenye laptop mpaka saa nane, Jumamosi anashinda na watoto wa watu akiwafundisha. Ana madaftari yamejaa herufi na namba kama za mganga. Mama yake ndiye anayemharibu, juzi kampa nauli ya kwenda mashindanoni Nairobi. Nilimwonya kwamba akiacha benki asinitafute, hakusikia. Hela ya vikoba nayo kanipa nusu. Mdogo wangu kaolewa juzi tu, mumewe keshanunua gari. Kwa hasira nimezitupa kete zake jalalani. Je, niondoke?"

Marahaba, mwanangu. Pole. Kuishi bila kujua mwezi utaishaje kunachosha, hilo sikubishii. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na hii yako umeivuta mno.

Unasema aliacha kazi bila kukushirikisha. Mistari michache chini unasema ulimwonya akiacha asikutafute. Ulimwonyaje kuhusu jambo ambalo hukuambiwa? Alikuambia, ukakataa, basi. Unasema haleti kitu, halafu hela ya vikoba kakupa nusu. Hiyo nusu imetoka wapi kama siyo kwa hao watoto wa watu wa Jumamosi? Wazazi wao wanamlipa, na wewe unaila hela huku unaitukana kazi iliyoileta.

Nadhani unasubiri makombe na hundi kubwa. Zipo, ila ni za wachache mno. Desemba 2024 huko Singapore, Gukesh wa India alimshinda Ding Liren akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18, na fungu la zawadi la pambano lile lilikuwa dola milioni 2.5. Chini ya hao wachache, mchezaji hujilipia nauli, chumba na ada ya kiingilio, na akishika nafasi ya tano huenda asirudishe hata pesa ya basi. Wilhelm Steinitz, bingwa rasmi wa kwanza wa dunia, alikufa fukara New York mwaka 1900. Max Euwe wa Uholanzi alitwaa ubingwa mwaka 1935 huku akiwa mwalimu wa hisabati. Wengi wanaoishi kwa chesi leo wanaishi kwa kufundisha. Hapo jirani Uganda, Robert Katende amejulikana dunia nzima kwa watoto aliowafundisha chesi Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, akiwemo Phiona Mutesi. Kwa hiyo mumeo anapotoka Jumamosi asubuhi anakwenda kazini, hata kama hana kitambulisho cha benki shingoni.

Hayo madaftari unayoyaita ya mganga ni michezo yake. Kwenye mashindano marefu mchezaji anatakiwa na kanuni kuandika kila hatua, yake na ya mpinzani, kisha nyumbani huirudia moja moja kutafuta alipokosea. Kukesha mpaka saa nane nako ni kazi hiyo hiyo. Mchana nyumba ina watoto wawili na mke mwenye hasira, asome saa ngapi?

Kuhusu mama mkwe, mimi niko upande wake. Reitingi, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, hupatikana mashindanoni, na shule au mzazi anayetafuta mwalimu ataiuliza kabla ya kuuliza bei. Nauli ile ya Nairobi ilikuwa ya kumtafutia mwanawe wanafunzi zaidi, na wewe ndiye utakayekula matunda yake. Na huyo Gukesh unadhani alifikaje Singapore? Baba yake, daktari bingwa wa masikio, pua na koo, aliacha kazi ili asafiri naye mashindanoni, na mama yake akabeba gharama za nyumba kwa mshahara wake. Watu wawili walikaa wakakubaliana nani aende na nani abaki.

Ndoa zetu za siku hizi hazina kikao cha namna hiyo. Mke anapima mume kwa picha alizoweka mdogo wake kwenye simu, mume naye anakimbilia laptop ili asiulizwe. Anayemiliki gari hatujui analipia kwa mkopo wa nani, lakini tayari limeshavunja nyumba ya Tabata. Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Gari la mdogo wako ndilo lililokuandikisha barua hii.

Mumeo naye hakusafika. Mwenye watoto wawili haachi mshahara bila kumwambia mkewe kila mwezi ataleta kiasi gani, na anapaswa kusema wazi analenga nini. Kama anaota ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji wa chesi, hiyo ni reitingi 2500 pamoja na matokeo ya kiwango cha grandmasta mashindanoni, kwa kawaida mara tatu. Amon Simutowe wa Zambia, aliyeupata mwaka 2009, alikuwa wa kwanza kusini mwa Sahara. Kama anataka kuwa mwalimu mzuri anayejulikana mjini, hilo liko karibu zaidi. Hukuniandikia reitingi yake ni ngapi. Sidhani kama umewahi kumuuliza.

Usiondoke. Kabla ya Jumamosi nunua kete nyingine kwa hela yako. Ungekuwa mke wa fundi ungetupa msumeno wake? Tafuta seti ya mashindano, mfalme wake ana urefu wa karibu sentimita tisa na nusu, siyo vile vidogo vya kuchezea watoto. Mpigie mama mkwe umwombe radhi. Halafu kaeni na mumeo mezani, muandike Jumamosi moja inaingiza shilingi ngapi, shule ngapi zaidi zinaweza kumchukua, na mpaka mwezi gani mtaangalia tena. Ukishamaliza niandikie, ila safari hii nieleze na yeye amesemaje.