Neva haziishiwi chaji

SWALI: Baba yangu ana kisukari, na kwa miezi kadhaa nyayo zake zimekuwa na ganzi na humchomachoma usiku. Hapa Makorora, Tanga, alikuja mtu mwenye mashine ya kupima mwili mzima, akamshikisha kishikio cha chuma na kusema umeme wa neva zake umeshuka. Alimuuzia bangili ya sumaku, akamwagiza anywe maji ya chumvi kila asubuhi ili neva zipate chaji. Je, inawezekana?

JIBU: Haiwezekani, na maji hayo ya chumvi mwachishe baba leo, kwa sababu wagonjwa wengi wa kisukari wana shinikizo la damu pia na chumvi hulipandisha.

Neva haitiwi chaji kutoka nje. Kila seli ya neva hujitengenezea volti zake katika utando wake: pampu zilizomo humo hutoa chembe tatu za sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi, na kuingiza chembe mbili za potasiamu, kwa nishati ya seli yenyewe, hata sodiamu ya nje ikawa zaidi ya mara 10 ya ile ya ndani, na potasiamu kinyume chake. Kwa kuwa utando uliotulia huiachia potasiamu ivuje kwa urahisi kuliko sodiamu, ndani ya seli hukaa takriban milivolti 70 chini ya nje. Unyayo unapoguswa, milango ya sodiamu hufunguka na sodiamu huingia kwa kasi mpaka volti ya ndani inavuka sifuri; kisha milango hiyo hujifunga, na potasiamu hutoka kupitia milango yake kurudisha hali ya awali. Hayo yote huchukua milisekunde moja au mbili, na kila sehemu ya utando huiamsha inayofuata hadi kwenye uti wa mgongo.

Wanasayansi Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliochapisha maelezo ya utaratibu huu mwaka 1952, walipima neva nene ya ngisi kwa kuingiza waya mwembamba ndani ya neva yenyewe. Kishikio cha chuma kiganjani hakiwezi kusoma volti hizo. Kipimo cha kweli cha hospitali huishtua neva kwa umeme mdogo, kisha hupima nguvu ya ishara na kasi yake, na hata hicho hakitoi jibu la "chaji asilimia fulani".

Hoja ya chumvi ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa kuwa ina harufu ya sayansi. Ni kweli kwamba neva hutumia sodiamu, lakini figo hulinda kiwango chake katika damu, na ganzi kama ya baba haitokani na uhaba wake. Mtazame bunju, samaki ambaye wavuvi wa pwani yetu wanamjua: sumu yake huziba milango ya sodiamu, midomo ya aliyemla ikafa ganzi na misuli ya kupumua ikaweza kusimama, ilhali sodiamu imejaa tele nje ya seli. Dawa ya ganzi ya daktari wa meno nayo huziba milango hiyohiyo, ila kwa muda na mahali pamoja.

Kwa baba, sukari iliyokaa juu muda mrefu hudhuru nyuzi za neva na mishipa midogo ya damu inayozilisha, na nyuzi ndefu zaidi, zile za miguuni, huumia kwanza. Adhibiti sukari, na ikiwa anatumia dawa ya kisukari iitwayo metformin kwa miaka, apimwe vitamini B12, kwani upungufu wake huleta ganzi inayofanana na hiyo.

Wenye mashine hizi hupita mtaa hadi mtaa, na mgonjwa anayesubiri bangili ifanye kazi huacha kukagua nyayo zake. Wengine huambiwa watumbukize miguu katika maji ya moto "kuamsha neva". Nyuzi zilizokufa ni zilezile ambazo zingemwambia kwamba anaungua. Hugundua malengelenge akishautoa mguu, na kidonda cha namna hiyo kwa mwenye kisukari kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Maji ya kumwosha baba miguu yapimwe kwanza kwa kiwiko cha mtu mwingine.