Kope limeshuka, kwa nini apigwe picha ya kichwa?
Dada, unauliza kama mmeibiwa kwa kuambiwa mama apigwe picha ya kichwa; hamjaibiwa. Kope la mama kushuka ghafla, tena mboni ikiwa imepanuka, humfanya daktari wa macho awaze mishipa ya damu kichwani. Mshipa ukivimba kama puto hukandamiza neva ya tatu, ile inayoinua kope. CT (picha ya kichwa ya kompyuta) yenye dawa ya kung'arisha mishipa huonyesha hicho kijiputo pembeni ya mshipa. Ile sindano ya rangi ya njano aliyopigwa jirani yenu ni kipimo kingine, cha retina, pazia la nyuma ya jicho: mishipa ilipoziba huwa peusi, panapovuja hung'aa (na mkojo hugeuka chungwa, msishtuke). Mpelekeni Hospitali ya Muhimbili leo leo, foleni ya magari ya Mbagala isiwe kisingizio. Puto likipasuka, damu inamwagika kwenye ubongo. Kama ana shida ya figo, waambieni wahudumu kabla hajapewa hiyo dawa ya CT.